Ngoro za Mbinga na Macho ya Fisi Maji

Fisi maji mwenye madoa kooni, mmoja wa wanyama wa Ziwa Nyasa, huwinda kwa macho. Hupiga mbizi mchana, huwaandama samaki wadogo na kuwadaka kwa mdomo. Jamaa yake asiye na kucha hupapasa kaa kwa vidole hata kwenye matope. Huyu wa madoa, maji yakivurugika, windo humpotea. Nyasa humfaa: ziwa likiwa shwari, mtu huona hadi mita 20 chini.

Wanyama wanaofugwa kwenye mabwawa ya maonyesho nao huumizwa macho na maji mabaya na jua. Sili na simba bahari hupata vidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na hata mtoto wa jicho. Madaktari wa mifugo huyahusisha maradhi hayo na jua kali lisilo na kivuli na mabaki ya klorini yanayowasha. Ndiyo maana bwawa zuri huwa na mitambo ya kuchuja na paa.

Ziwa halina mtambo. Maji yake huchujwa tangu mlimani, na huko kwenye milima ya Mbinga Wamatengo wamekuwa wakilima ngoro, yaani mashamba ya mashimo na matuta, kwa zaidi ya karne moja.

Nyasi hufyekwa mvua zikielekea kwisha, zikaachwa zikauke. Hupangwa kwenye mteremko kwa mistari inayokatana hadi shamba zima likawa miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu mwingine wa mvua.

Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayoporomoka hukwama kwenye tuta na kutuama shimoni. Tope huzama, maji hunywea ardhini polepole. Yakizidi, hufurikia shimo la chini yake, nalo huyazuia vilevile. Matuta yakitengenezwa upya, udongo uliotuama shimoni hurudishwa juu, na nyasi zilizooza huwa mbolea.

Mteremko uliolimwa bila kinga hupeleka udongo mtoni, na mto unaoelekea Nyasa huumwaga mwambaoni, palepale fisi maji anapowinda.

Basi maofisa ugani wa Mbinga na wenzao wa uvuvi wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, wapange kazi pamoja. Shamba jipya linapofunguliwa kwenye mteremko wa upande wa ziwa, lilimwe kwa ngoro.