Kambi ya Likizo kama Chombo cha Ukocha: Kutoka Iten hadi Nuu

Kambi ya riadha ya likizo, yaani mpango wa kuwakusanya vijana pamoja kwa muda mfupi shule zinapofungwa, ni chombo ambacho Bruda Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki kutoka Ayalandi, alikitumia kubadili namna mkimbiaji chipukizi anavyolelewa nchini Kenya. Alipowasili Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St. Patrick's, hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha, na timu ya shule aliirithi kutoka kwa mwalimu mwenzake Mwingereza, Peter Foster, hivyo ikambidi ajifunze kazi hiyo kwa kuwatazama wanafunzi wale wale aliotakiwa kuwafundisha. Tabia hiyo ya kutazama kwanza na kuelekeza baadaye ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha mbinu yake.

Matokeo ya shule hiyo, ambayo ni ya wavulana, yalidhihirika mapema: Ibrahim Hussein, aliyesoma hapo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York mwaka 1987, na mwaka uliofuata Peter Rono akatwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Hata hivyo, msichana aliyekuwa na kipaji hakuwa na nafasi katika mfumo huo, na pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1989, kambi za likizo zilipoanzishwa. Kambi haikufungwa na orodha ya wanafunzi wa shule moja, kwa hiyo iliweza kumpokea kijana yeyote aliyeonekana katika mashindano ya shule au katika mbio za nyika, yaani zile zinazokimbiwa nje ya uwanja, juu ya nyasi, matope na miinuko.

Katika kambi hizo, umbali haukupewa kipaumbele. O'Connell aliyafupisha mafundisho yake katika mambo manne: umakini, mpangilio wa mwili, uthabiti na kupatanisha muda. Umakini ni kuielekeza akili katika tendo moja; mpangilio ni kichwa, mabega na nyonga kukaa katika mstari mmoja; uthabiti ni kiwiliwili kutoyumba mguu unapokanyaga; na kupatanisha muda ni mkono na mguu kwenda pamoja, kila hatua ikija kwa wakati wake. Mambo haya hufundishwa kwa mazoezi ya miondoko, ambayo ni vitendo vifupi vya kuinua magoti, kuruka na kubadili miguu, vinavyorudiwa polepole hadi mwili uvizoee, ili kijana asiingie katika mazoezi mazito akiwa na kasoro ambayo uzito huo ungeigeuza kuwa jeraha.

David Rudisha, aliyeanza kulelewa na O'Connell akiwa bado kijana, alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, na miaka sita baadaye, katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London, akaonyesha thamani ya malezi hayo. Kwa kuwa katika Olimpiki hakuna mwekakasi, yaani mkimbiaji anayetangulia ili kuwaongoza wenzake, ilimbidi aongoze mwenyewe tangu mwanzo: mzunguko wa kwanza aliukimbia kwa sekunde 49.28 na wa pili kwa 51.63, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91.

Iten iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, na ni rahisi kudhani kwamba mbinu hii haiwezi kuhamishwa hadi mahali kama Nuu, kaunti ya Kitui, ambako ardhi iko chini zaidi na jua ni kali. Lakini Kitui ndiko alikozaliwa Benson Masya, bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992, na kati ya mambo manne yaliyotajwa hakuna hata moja linalotegemea hewa nyepesi ya milimani. Kinachohitaji kupangwa upya ni kalenda. Likizo ya Desemba huangukia katika msimu wa mvua ambao wakulima wa Kitui huutegemea zaidi, wakati mikono ya vijana inahitajika katika palizi ya kunde na ndengu. Likizo ya Agosti huwa na nafasi zaidi, ila ndio wakati wa kiangazi, maji yanapochotwa katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Kambi ya Nuu, kwa hiyo, ingefaa kuwa ya Agosti, ya siku chache, yenye mazoezi ya alfajiri kabla jua halijapanda, na ingeanza kwa kuhesabu mitungi ya maji kabla ya kuhesabu kilomita.

Mwalimu wa Nuu anayetaka kujitolea jioni na likizo zake ana cha kuazima hapo. Haazimi mlima wa Iten, bali anaazima utaratibu: kutazama kwanza, kurekebisha mwili kabla ya kuuongezea mzigo, na kuifanya kambi ifuate maisha ya mahali.