"Ameacha Dawa": Istilahi za Uuguzi wa Maradhi ya Akili na Uraibu Mlangoni mwa Mgonjwa

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kupitia Kiswahili cha daftari moja linalotumiwa na wauguzi wanaowazuru wagonjwa majumbani. Wagonjwa wenyewe walikuwa watu wenye maradhi ya akili, na baadhi yao walikuwa wamezama pia katika matumizi ya heroini au pombe. Kwa jumla daftari lilikuwa limefasiriwa vizuri. Sarufi yake haikuwa na kasoro kubwa, na tahajia yake ilikuwa sanifu. Lakini palikuwa na safu moja yenye kichwa cha maneno mawili tu: "Ameacha dawa". Chini yake muuguzi alitakiwa kuandika "ndiyo" au "la".

Niliwauliza wauguzi watatu maana ya safu ile. Wawili walijibu kwamba ni habari njema: mgonjwa ameachana na dawa za kulevya. Wa tatu alijibu kwamba ni habari mbaya: mgonjwa amekatiza matibabu yake. Wote watatu walikuwa wakijaza daftari la namna moja kwa miezi mingi, na hesabu zao zilikuwa zikijumlishwa pamoja. Kijana mmoja aliyekosa sindano zake mara mbili alihesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa, na kwa sababu hiyo hakuzuriwa tena mpaka ndugu zake walipomleta akiwa amefungwa kamba.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache za kazi hiyo. Hoja yangu ni kwamba istilahi itakayotumika nyumbani kwa mgonjwa haitoshi kuwa sahihi katika orodha ya wataalamu. Yapasa ipite mitihani miwili zaidi: iweze kutamkwa mbele ya mgonjwa mwenyewe bila kumvunjia heshima, na ieleweke kwa namna moja tu.

Kazi yenyewe na lugha yake

Hospitali za maradhi ya akili zilizoanzishwa Afrika Mashariki zama za ukoloni zilikuwa zaidi mahali pa kuwatenga wagonjwa kuliko mahali pa kuwatibu. Ile ya Mathari, Nairobi, ilipoanza kuwapokea wagonjwa hao mwaka 1910, ilipewa jina la Kiingereza lenye neno la kale linalohusisha wazimu na mwezi. Mpaka leo jina la Mathari, kama lile la Mirembe ya Dodoma, hutumiwa mitaani kwa kejeli, ingawa kazi inayofanywa humo imebadilika sana.

Katika miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu njia nyingine katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa Denmark. Huduma ya maradhi ya akili iliingizwa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao. Baadaye yalikuja matibabu ya uraibu wa heroini kwa methadoni, dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Matibabu hayo yalianza Muhimbili mwaka 2011, na Mathari mwaka 2014.

Mabadiliko haya yameihamisha lugha pia. Wodini istilahi husemwa baina ya daktari na muuguzi. Nyumbani mambo ni mengine. Muuguzi hubisha hodi, humwamkia mwenye nyumba "Shikamoo mama", huketi mkekani, na ndipo aulize habari za mgonjwa. Mgonjwa yupo pale pale anasikiliza, na huenda jirani naye anasikiliza nyuma ya ukuta. Neno moja baya laweza kuufunga mlango huo kwa mwaka mzima.

Hata jina la kazi yenyewe lina utata. "Uuguzi wa jamii" ni uuguzi unaofanywa na jamii, au ni uuguzi wa kuihudumia jamii, au ni uuguzi unaofanyika ndani ya jamii? Kihusishi "wa" kimetwishwa mzigo kisichoweza kuubeba. Ilhali kitenzi "kuuguza" tangu zamani kimekuwa cha nyumbani: mama humuuguza mwanawe, na mke humuuguza mumewe, kabla ya chuo chochote cha wauguzi. Kwa wale wanaowafuata wagonjwa makwao, "uuguzi wa majumbani" ni jina jepesi na lisilo na shaka.

Neno "dawa"

Kiini cha utata katika daftari lile ni neno "dawa". Katika Kiswahili dawa ni kinachoponya, lakini pia ni kinachotumiwa na mganga kumdhuru adui, kinachonyunyiziwa mimea, na hata kinachosafishiwa meno. Kwa hiyo wale waliounda "dawa za kulevya" hawakukosea. Walifuata upana ambao neno hilo lilikuwa nao. Istilahi hiyo imeenea, na Tanzania imo katika jina la sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa hizo.

Tatizo huanza pale wasemaji wanapoyaacha maneno mawili ya mwisho, jambo ambalo wasemaji wa lugha yoyote hulifanya kwa kuokoa pumzi. "Dawa za kulevya" hubaki "dawa". Katika gazeti hakuna madhara, kwa kuwa habari yenyewe hufafanua. Lakini katika nyumba ya mtu mwenye maradhi mawili kwa pamoja, zipo dawa za aina mbili. Moja anatakiwa aiache, na nyingine hatakiwi kuiacha hata siku moja. Baba anayemwambia mwanawe "Acha dawa, mwanangu" na muuguzi anayemwambia "Usiache dawa" wanasema maneno yanayopingana, na huku wote wawili wanataka jambo moja.

Utata huo umeingia hata katika vijitabu vya mafunzo. Nimekuta "dalili za kuacha dawa" ikiwa ni tafsiri ya maumivu, kutokwa na jasho, kuharisha na kukosa usingizi ambako humpata aliyezoea heroini anapoikosa. Mzazi anayesoma maneno hayo aweza kudhani kwamba ndivyo anavyokuwa mtu aliyeacha vidonge vya hospitali. Wenyewe wanaoumia wana neno lao, "arosto", linalosikika Kenya na Tanzania. Ni neno la mitaani, na najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Hata hivyo lina sifa ambazo istilahi nyingi zetu hazina: ni fupi, lina maana moja, halimtukani mtu, na linaeleweka kwa anayehusika. Sioni kwa nini tulikatae kwa sababu ya ukoo wake tu.

Majina ya watu

Majina tuliyoyarithi kwa maradhi ya akili aghalabu hutaja chanzo kilichodhaniwa. "Wazimu" lina mzizi mmoja na "mzimu". "Majununi" latokana na Kiarabu, na asili yake ni moja na ya "jini". Mtu hawezi kulaumiwa kwa kurithi maneno haya, na katika fasihi yana nafasi yake. Lakini muuguzi aliyekuja kueleza kwamba ugonjwa una tiba hawezi kulitumia jina linalosema kwamba ugonjwa ni mzimu.

"Ugonjwa wa akili" ni afadhali, na "afya ya akili" imekwisha kukubaliwa hata katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2008. Sipendekezi kuibadilisha. Lakini tukumbuke kwamba katika mazungumzo ya kila siku "akili" ni werevu, na "hana akili" ni tusi. Ndiyo maana walimu wengine huuchanganya ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili, wakadhani kwamba mwanafunzi aliyeugua hawezi tena kujifunza. Mfasiri anayeandika kwa ajili ya shule hana budi kuitenganisha dhana hizo kwa sentensi iliyo wazi, asiiachie istilahi ijitetee yenyewe.

Kuhusu uraibu, tumepata bahati ambayo wengi hawaijui. Katika mwambao neno "uraibu" limekuwa likitumika kwa tambuu, popoo, tumbaku na vikorombwezo vyake, yaani vitu ambavyo mtu amevizoea na ambavyo mgeni hukirimiwa. Ni neno lenye upole ndani yake. Humtazama mtu kama aliyetekwa na mazoea, wala halimhukumu kuwa mwovu. Lipimwe na "teja", jina linalomwandama mtu hata miaka mingi baada ya kupona. Kwa bahati mbaya nimewahi kuona "mateja" katika barua ya ofisi, yenye muhuri.

Ajabu ni kwamba "teja" linafanana sana kwa sura na "mteja". Kuna wafasiri wanaolalamika kwamba vituo vya afya vimeanza kuwaita wagonjwa "wateja", kana kwamba zahanati ni duka. Malalamiko yao nayaelewa. Lakini mteja wa pwani alikuwa pia mtu aliyejiweka chini ya uangalizi wa mganga mpaka apone. Maana hiyo haina ubaya wowote, na yafaa ikumbukwe kabla ya kulifukuza neno.

Wengine watasema kwamba "mtu mwenye uraibu" ni maneno matatu pale ambapo "mraibu" lingetosha. Ni kweli. Lakini tulikwisha kulipa gharama hiyo mahali pengine. Tuliliacha "zeruzeru" tukasema "mtu mwenye ualbino", na wala lugha haikuchoka. Katika ripoti, urefu huo wavumilika. Mlangoni hauhitajiki kabisa, kwa kuwa mgonjwa ana jina alilopewa na wazazi wake, nalo ndilo la kumwitia.

Sarufi inapotusaidia

Mara nyingi tunahangaika kutafuta nomino mpya, na huku viambishi vyetu vimekwisha kufanya kazi hiyo. Tuchukue sindano. Wapo wagonjwa wa akili wanaochomwa sindano ya dawa inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, na wapo wenye uraibu wanaojichoma heroini. "Sindano" peke yake haitofautishi, bali kitenzi hutofautisha: "amechomwa sindano" ni matibabu, na "amejidunga" ni uraibu. Kiambishi "ji" kimebeba habari yote.

Vivyo hivyo hali inapoharibika upya. "Amerudia" humfanya mgonjwa kuwa mtenda, na lawama ni yake. "Amerudiwa na maradhi" huufanya ugonjwa kuwa mtenda. Katika taarifa za maradhi ya akili wengi wetu husema "amerudiwa", lakini kwa uraibu husema "amerudia" bila kufikiri. Kama tumekubali kwamba uraibu nao ni maradhi, sarufi yetu haina budi kukubali pia. Pale ambapo muuguzi anahitaji kuandika tendo lenyewe, aandike tendo na kitu chake: "ametumia heroini siku mbili wiki hii".

Tena, "amepona" ni neno zuri linaloweza kuleta hasara. Jamaa wakisikia kwamba mgonjwa amepona, huona hapana haja ya kuendelea na vidonge. "Ana nafuu" husema ukweli na hubakisha nafasi ya matibabu.

Mapendekezo

Napendekeza kwa wafasiri, walimu wa vyuo vya uuguzi na maofisa wanaotayarisha fomu:

1. Katika maandishi ya kliniki, neno "dawa" pasipo nyongeza liwe la matibabu tu. Vitu vingine vitajwe kwa majina yake: heroini, bangi, pombe. Panapohitajika jina la jumla, "mihadarati" litumike, kama lilivyozoeleka Kenya.

2. "Kuacha" kusiandikwe bila kitu kinachoachwa. Kwa matibabu, "kukatiza matibabu" hakuna utata.

3. "Arosto" lifikiriwe kuingizwa katika orodha ya istilahi, likiambatana na maelezo.

4. "Mtu mwenye uraibu" na "mtu mwenye ugonjwa wa akili" yatumike katika maandishi rasmi, na "teja", "kichaa" na "mwendawazimu" yasitumike humo.

5. Orodha yoyote ya istilahi za fani hii, kabla ya kusanifiwa, isomwe kwa sauti mbele ya wauguzi wa majumbani, na mbele ya baadhi ya wagonjwa na jamaa zao.

Najua kwamba pendekezo la mwisho litaongeza kazi. Vikao vyetu vimezoea wanaisimu na wataalamu wa fani, nao ni watu wa lazima. Lakini daftari nililolitaja lilipita mikononi mwa watu wenye elimu ya kutosha, nami mwenyewe karibu niipite safu ile, kwa kuwa hapakuwa na kosa la sarufi. Kosa lilionekana pale tu wauguzi watatu walipoulizwa.

Safu hiyo sasa imegawanywa mara mbili. Ya kwanza inasema "Amekatiza matibabu", na ya pili "Siku alizotumia heroini au pombe wiki hii". Imechukua nafasi kubwa zaidi katika ukurasa. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa wale wanaoifanya kazi hii kila siku, wanaombwa wayalete yajadiliwe.