Kiambishi -li- na Sentensi ya Kiingereza: Kasoro Moja ya Tafsiri ya Nathari

Katika tafsiri nyingi za nathari kutoka Kiingereza mna kasoro ambayo msomaji huihisi kabla hajaweza kuitaja. Maneno ni ya Kiswahili, upatanisho wa ngeli umetimizwa, wala hakuna kosa ambalo mtahini angeweza kulipigia mstari. Hata hivyo habari haisimuliki. Aghalabu sababu yake hutafutwa katika msamiati. Mahali pake hasa ni katika sentensi ya Kiingereza iliyo ya kawaida kabisa, yaani kiwakilishi kinachofuatwa na kitenzi cha wakati uliopita, na katika imani kwamba kila sentensi ya namna hiyo ina pacha wake katika Kiswahili: "yeye" kwa kiwakilishi, -li- kwa kitenzi.

Kwanza, kiwakilishi. Kitenzi "went" hakionyeshi ni nani aliyekwenda. Umbo lake ni moja kwa nafsi zote, umoja na wingi. Kwa hiyo Kiingereza hakina budi kumtaja mtendaji kila mara. Kitenzi cha Kiswahili kimekwisha kubeba nafsi yake, na neno "yeye" likitajwa huwa lina sababu: kulinganisha, kukazia au kustaajabu. Mwanafunzi aandikapo, "Yeye aliamka, yeye alinawa uso, yeye alikunywa chai," msikilizaji hungojea kuambiwa ni nani basi ambaye hakuamka.

Wako wanaojibu kwamba upungufu ni wa Kiswahili chenyewe, kwa kuwa hakitengi mwanamume na mwanamke. Sentensi "She told him that she had seen him" ikifasiriwa "Alimwambia kwamba amemwona," haijulikani nani kamwambia nani. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini na itazamwe sentensi nyingine: "It fell on it and broke it." Mwingereza hawezi kuielewa bila kutajiwa majina, ilhali "Lilikiangukia likakivunja" humtosha Mswahili aliyekwisha kusikia habari za jiwe na chungu. Kila lugha ina mahali ilipoweka uangalifu wake. Mfasiri wa sentensi ile ya kwanza hahitaji kuandika "yeye mwanamke". Anahitaji kufanya kama afanyavyo msimulizi wa Kiswahili, yaani kumtaja mtu kwa jina, kwa ujamaa au kwa kazi yake, awe mama, shemeji au yule mvuvi, na kuwaachia "huyu" na "yule" kazi iliyobaki.

Pili, wakati. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na mwaka huo huo akachapisha mkusanyo wa ngano zilizosimuliwa na wenyeji wa huko. Katika ngano hizo kinachokisukuma kisa mbele si -li- bali ni -ka-. Kiambishi -li- huweka msingi, na -ka- hujenga juu yake. Tofauti yaonekana hata katika mfano mdogo: "Mzee alifika bandarini. Alitafuta mashua. Hakuiona. Alirudi nyumbani." Msimulizi angesema: "Mzee alifika bandarini, akatafuta mashua, asiione, akarudi zake nyumbani." Katika maelezo ya kwanza mna matukio manne, katika ya pili mna kisa kimoja. Kiingereza hutumia umbo lile lile la wakati uliopita kwa matukio yote manne, kikayaachia maneno mengine kazi ya kuyaunganisha. Kiswahili kimeuweka uhusiano huo ndani ya kitenzi, na mfasiri anayeandika -li- tupu huwa ameutupa.

Kasoro hizo mbili huudhi sikio tu. Ya tatu hupotosha maana. Katika Kiingereza, kitenzi cha kusema kikiwa cha wakati uliopita, kwa kawaida kitenzi cha jambo lililosemwa nacho hurudi nyuma, hata kama jambo lenyewe lingalipo. Kiswahili hakina desturi hiyo: wakati wa jambo hupimwa tangu pale msemaji aliposema. Basi habari ikiandikwa, "Waziri alisema kwamba serikali ilikuwa na mpango wa kuchimba visima," msomaji ana haki ya kufahamu kuwa mpango huo umekufa. Alichosema Waziri ni kwamba serikali "ina" mpango. Vivyo hivyo mgonjwa aliyemwambia daktari kwamba kifua "kilikuwa kikimuuma" hakusema sawa na yule aliyemwambia kwamba kifua "kinamuuma." Wa kwanza anasimulia maradhi yaliyopita, wa pili anaomba dawa.

Jambo hili si la darasani peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Habari na matangazo yanayofasiriwa kwa raia yaweza kuwa sahihi neno kwa neno, yakawa ya uongo kwa wakati.

Yawezekana kusemwa kwamba lugha hubadilika, na kwamba mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kuyakatakata matukio kwa -li- ili msomaji ayatazame moja moja. Ni kweli, lakini huo ni uteuzi, na mteuzi ni yule anayeijua njia nyingine akaiacha. Anayeandika -li- kwa sababu asili ya Kiingereza ina wakati uliopita hakuteua chochote.

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alijaribu kukieleza Kiswahili kwa dhana zilizomo ndani yake, badala ya kukipachika katika visanduku vya sarufi ya Ulaya. Funzo hilo halijafika kikamilifu katika mazoezi ya tafsiri, ambamo mwanafunzi angali akiulizwa kitenzi hiki kiko katika wakati gani. Swali linalofaa ni jingine: jambo hili lina uhusiano gani na lililotangulia, na lilikuwa limefika wapi pale liliposemwa? Atakayelijibu swali hilo ataandika mara -li-, mara -ka-, mara -me-, mara -na-, wala hatahitaji kumwita "yeye" mtu ambaye kitenzi kimekwisha kumtaja.