Geuza Meza Kwanza

Mlango wa sebule ulipofunguliwa, simu zilitoka mifukoni kabla ya watu kumaliza kuvua viatu. Ilikuwa Kasokola, jirani na Mpanda mjini, mwisho wa masika, nyumba mpya ya bati jekundu. Mwenye nyumba alikuwa amehakikisha kila mgeni ana neno la kutumia: Skandinavia. Kuta nyeupe pe, kochi la kijivu, zulia la rangi ya mchanga, na katikati meza fupi yenye miguu myembamba iliyotanuka kama ya mbuzi aliyezaliwa asubuhi hiyo. Watu wakasifu. Mmoja akasema ukikaa hapa unasahau kama uko Katavi.

Seremala mmoja mzee, aliyealikwa kwa ujirani tu, aliangusha kijiko chake cha pilau, akapiga goti kukiokota, akachungulia chini ya meza. Alikaa huko muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji. Aliporudi kitini hakusema neno mpaka soda zikaisha.

Huko chini palikuwa na misumari ya inchi tatu iliyopigiliwa kutoka pembeni, vichwa vyake vikazibwa kwa unga wa mbao na gundi. Ubao wa juu ulikuwa umekazwa kwa skrubu nane, kana kwamba ungetoroka usiku. Na pale vanishi ilipoishia, ubao ulikuwa mweupe: mpaina. Meza ilikuwa imeuzwa kama mninga, katika mkoa ambao mninga unaota wenyewe porini.

Kazi mbovu imekuwepo tangu msumeno uwepo, na haimnyimi mtu usingizi. Kinachoudhi ni watu wazima, wenye macho mawili mawili, kuipigia makofi kwa sababu tu imevaa jina la ng'ambo. Basi kwa wanaotaka kusifu kwa haki, haya ndiyo ya kutazama.

Kwanza rangi, maana ndipo watu wanapopotea mapema. Ukuta mweupe wa Skandinavia una sababu. Copenhagen, Denmark, mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na chumba cheupe ni wavu wa kuvulia mwanga kidogo uliobaki. Kasokola iko kama nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Hapa mwanga hauvuliwi, unakimbiwa. Ukuta mweupe tupu unaumiza macho saa sita mchana, na kufikia Agosti vumbi la kiangazi limeshaugeuza kuwa rangi ya andazi. Sebule ya huku ipakwe rangi ya udongo uliokolea, au kijani cha jani kavu. Hilo halina mjadala.

Tena mafundi wa Denmark wenyewe, katika miaka yao ya sifa baada ya Vita Kuu ya Pili, hawakuabudu weupe. Walichonga mtiki, na mwingi uliletwa kutoka Thailand, ubao wa kahawia uliokolea. Anayetaka kuwaiga kwa dhati yuko karibu nao zaidi akiwa na mninga wa Katavi kuliko akiwa na mpaina wa Mafinga uliopakwa chokaa.

Wala wasomaji wasidhani mambo haya ni ya watu wa mbali yasiyotuhusu. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa jijini New York kuisemea Tanganyika. Ukumbi wa baraza hilo ulibuniwa na Finn Juhl, ukiwa zawadi ya Denmark, na ulianza kutumika miaka michache tu kabla. Kuta zake zimefunikwa vipande vyembamba vya mbao kutoka chini hadi juu ili sauti isirudi kama mwangwi. Hakuna dhahabu, hakuna nakshi ya majani, na bado hakuna anayeingia akadhani ni ghala.

Sasa lile ambalo mgeni wa fani halioni kamwe.

Mtu wa kawaida akiletewa meza hupitisha kiganja juu, akasikia ulaini, akatabasamu. Mjuzi hupitisha vidole chini. Anatafuta jambo moja: ubao wa juu umeshikwaje na fremu. Ubao haufi baada ya kukatwa. Masika unakunywa unyevu na kutanuka; kiangazi unautoa na kusinyaa. Urefu wake karibu haubadiliki. Upana ndio unaotembea. Katavi, ambako mvua hunyesha takribani kuanzia Novemba hadi Aprili kisha mbingu zinafungwa miezi mingi mfululizo, ubao una safari ndefu kila mwaka, kwenda na kurudi. Fundi anayeukaza kwa skrubu pande zote amemfunga ng'ombe kamba fupi wakati wa malisho. Kitu kimoja lazima kikatike: ama kamba, ama shingo.

Fundi anayejua huchimba mfereji ndani ya fremu, kisha huchonga vipande vidogo vya mbao, kama vidole gumba, vyenye jino upande mmoja. Jino linaingia mferejini, mwili unakazwa kwenye ubao wa juu kwa skrubu moja. Ubao unakaa chini, hauinuki, hautikisiki, lakini unaruhusiwa kusogea kando wenyewe. Wengine huacha skrubu lakini hutoboa tundu refu, la mviringo uliovutwa, ili shingo ya skrubu iwe na pa kutembelea. Njia zote mbili ni halali, ingawa ya kwanza ni ya kiungwana.

Kuna raha ya pekee kuziona zile gumba za mbao. Hazionekani na mgeni yeyote atakayekaa mezani kwa miaka hamsini. Hazimwongezei fundi hata shilingi. Mtu aliyezichonga vizuri, akazipangusa kingo kwa msasa, akaacha nafasi sawa kati ya moja na nyingine, huyo hana haja ya kuulizwa habari za kazi yake nyingine. Droo zake zitakwenda, milango yake itafunga. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Seremala yule mzee wa Kasokola hutembea na tochi ndogo mfukoni, na amewahi kukataa kununua kitanda kizuri cha mbele kwa sababu alilala sakafuni dukani, akamulika, akakuta mninga umeishia kwenye ubao wa kichwa na wa miguuni. Chaga zote zilikuwa mlingoti mbichi, nyingine bado na ganda. Muuzaji alimwambia, "Mzee, kwani utalala chini ya kitanda?"

Udanganyifu wa fani hii una ngazi zake. Ngazi ya chini ni rangi ya kopo juu ya mpaina. Hiyo inavuliwa kwa wembe, kwa kukwangua kidogo mahali pasipoonekana. Ya pili ni ya werevu zaidi: mninga wa kweli, lakini uliochanganywa na sehemu nyeupe ya kando ya gogo, ile ambayo wadudu wanaipenda, ikafunikwa na vanishi nzito. Ya tatu ni karatasi yenye picha ya mninga iliyobandikwa juu ya mbao za kiwandani. Hii ya tatu hujifichua yenyewe: nyuzi za picha zinajirudia, na kwenye ukingo wa ubao hazipindi kushuka chini kama za mti wa kweli.

Kiungo ni somo la pili kwa uzito. Mwaka 1949 Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu kutoka Tønder, Denmark, alibuni kiti cha duara ambacho Wamarekani baadaye walikiita Kiti tu, bila jina lingine. Kennedy na Nixon walikitumia kwenye mdahalo wao wa televisheni mwaka 1960. Egemeo lake limeunganishwa kutoka vipande vitatu. Mwanzoni Wegner hakuridhika na maungio hayo, akayafunika kwa kusukia henzerani. Baadaye akabadili mawazo: akaunganisha vipande kwa meno yanayoumana kama vidole vya mikono miwili, akayaacha wazi kila mtu ayaone. Kiungo kilichokuwa kikifichwa kikawa pambo.

Unga wa mbao na gundi kwenye kichwa cha msumari ni safari hiyohiyo, ila fundi kageuka nyuma.

Wegner alishikilia pia kwamba kiti hakina mgongo: kitazamwe kutoka upande wowote, kiwe kizuri. Kwa kipimo hicho makochi mengi ya mjini yanaanguka, maana nyuma yake ni turubai jeusi lililopigwa pini. Kochi likisogezwa mbali na ukuta na likaona haya, lirudishwe dukani.

Kiti kingine cha Wegner, chenye egemeo la umbo la Y, kimetengenezwa na Carl Hansen & Søn tangu 1950, na kikalio chake husukwa kwa takribani mita 120 za kamba ya karatasi, kwa mkono. Msukaji mzuri anajulikana kwa upande wa chini, ambako mafundo na viungo vya kamba vinatakiwa kujipanga kama vya juu. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa hili na mtu wa Denmark. Aliyelala kwenye kitanda cha kamba cha teremka tukaze anajua tofauti ya kamba iliyovutwa na fundi na ile iliyovutwa na mwenye haraka. Mgongo humwambia kabla ya alfajiri. Na huku bara watemi wa Unyamwezi walikalia viti vya miguu mitatu vyenye egemeo refu, vilivyochongwa kutoka gogo moja, bila kiungo, bila msumari. Kimoja kiko Berlin, na wanaokizuru hawaambiwi wakigeuze, ingawa wangefaidi.

Miguu: ipunguzwe upande wa ndani, upande wa nje ubaki umenyooka. Anayepunguza pande zote nne anachonga kijiti cha mishikaki. Droo: ivutwe kwa kidole kimoja, na ikisukumwa itoe pumzi. Taa: balbu isionekane. Mbunifu wa Denmark, Poul Henningsen, alitumia maisha yake kuficha balbu nyuma ya vifuniko vilivyopangwa, kuanzia miaka ya 1920, na bado watu wananing'iniza balbu tupu katikati ya dari kama yai. Vitambaa vya kufuma juu ya kochi: kimoja kinapendeza, viwili vinavumilika, kumi na saba ni duka.

Halafu vanishi. Hapa uchungu wa mjuzi unageuka hasira. Denmark mbao nyeupe husuguliwa kwa sabuni, na mtiki hupakwa mafuta, ili ubao ubaki ubao mkononi. Katavi inajulikana kwa asali, na palipo na asali pana nta. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kusuguliwa kwa kitambaa juu ya mninga uliopigwa msasa vizuri hutoa mng'ao wa chini, wa ndani, ambao chupa yoyote ya vanishi haijawahi kuufikia. Nta hiyo inafungwa magunia na kupakiwa kwenda mbali, na seremala aliyesimama barabarani ananunua kopo la vanishi iliyotoka mbali zaidi, ili meza ing'ae kama karai lenye maji.

Wazee husema zamani haikuwa hivyo. Husimulia mafundi waliofunzwa kwenye karakana za misheni, ambao walianika mbao kivulini msimu mzima, zimepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite, kabla ya randa kuzigusa. Mwanafunzi hakushika patasi mwaka wa kwanza, alinoa tu. Huenda kumbukumbu imewasafisha walimu hao kuliko walivyokuwa. Lakini mabenchi ya namna hiyo bado yapo kwenye makanisa ya zamani, yamekaliwa na vizazi, na ukiyatikisa unatikisika wewe.

Na mti wenyewe haungoji. Mninga hukua polepole, miongo kwa miongo, na tangu mkutano wa mkataba wa CITES wa mwaka 2022 umewekwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mkurungu, ndugu yake, ulitangulia mwaka 2019. Ubao wa mti uliosimama tangu enzi za Wajerumani ukifungwa kwa skrubu nane na kupasuka mwaka wa kwanza, ni msiba usiopigiwa matanga.

Ile meza ya Kasokola, ingawa ilikuwa mpaina, ilifuata kanuni ileile. Mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekolea, mwenye nyumba alimfuata seremala mzee barazani kwake.

"Shikamoo, mzee. Ile meza imelia usiku."

"Marahaba. Imelia vipi?"

"Kama mtu amevunja kijiti. Asubuhi nimekuta ufa, kutoka huku mpaka huku."

Mzee alichukua tochi, wakaenda. Sebuleni hakugusa ufa wala hakuutazama. Alivua viatu, akalala chali kwenye zulia la rangi ya mchanga, akajisogeza chini ya meza mpaka kifuani, kisha akapigapiga zulia kando yake kwa kiganja. Mwenye nyumba aliangalia mlangoni kama kuna mtu, akakunja kanzu yake, akajilaza pembeni. Tochi ikawaka. "Hesabu skrubu," mzee alisema, "halafu toa simu."