Stoki Haianzi na Invoisi

Wa Biharamulo mnalijua duka ninalolisema, kwa hiyo jina naliacha. Saruji mbele, mabati nyuma, nondo zimelazwa ubavuni. Mfumo wa stoki uliwashwa pale kwa mbwembwe, na sasa kila anayepita anaulaumu mfumo. Mimi naulaumu uamuzi mmoja, uliofanyika kabla hata msumari mmoja haujauzwa: salio la kuanzia lilitolewa kwenye invoisi. Kazi iliharibikia hapo. Yaliyofuata ni matokeo tu.

Tuurudie polepole. Fundi alitoka Mwanza na kompyuta yake mpakato. Mwenye duka hakutaka kufunga hata nusu siku, maana ukifunga unampa jirani wateja. Basi likaletwa faili la invoisi za mzigo, likaletwa daftari la mauzo, kikatolewa hiki kwenye kile, na kilichobaki kikaingizwa kuwa ndicho kilichomo stoo. Hakuna aliyeinuka kwenda kugusa bati.

Invoisi inakwambia ulichonunua, basi. Haijui mfuko wa saruji uliopasuka njiani kutoka Kahama, wala ule uliopigwa unyevu ukaganda, wala rangi iliyokwenda kupaka ukuta wa bosi. Kubwa kuliko yote, haijui mali za watu. Huku tunajenga kwa kudunduliza. Mtu analipia mabati matano leo, mengine matano akishauza maharage, na yote anayaacha dukani mpaka yatimie. Daftarini yameshauzwa. Stoo yamelala palepale, jina la mwenyewe limeandikwa kwa chaki. Kijana wa kaunta akiona rundo anauza. Kompyuta inakataa, inasema mabati yameisha. Anaambiwa alazimishe, analazimisha, na skrini inaonyesha mabati hasi nane. Hakuna stoo duniani yenye mabati hasi nane. Kilichopo ni mabati ya mtu, na mtu huyo atakuja na mafundi wake asubuhi moja.

Halafu vipimo. Waya wa umeme uliingizwa kwa rola kwa sababu invoisi ilisema rola, lakini kaunta inauza mita. Anayekata mita saba ana njia mbili: aandike rola nzima, au asiandike kabisa. Misumari nayo ilisomeka katoni, mteja anataka kilo. Kipimo cha kuuzia huamuliwa siku ya kuhesabu, rola iliyokatwa nusu ikiwa mkononi, unaipima. Invoisi haina rola iliyokatwa nusu.

Mazuri yapo: programu inafanya kazi bila intaneti, kila muuzaji ana nywila yake, na kaunta haiwezi kugeuza bei. Tuendelee.

Wakongwe wasingefanya kosa hili la kuanza na invoisi. Mtunza stoo wa enzi za RTC, zile kampuni za biashara za mikoa, na maghala ya ushirika alikuwa na kadi kwenye kila rundo: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki, sahihi. Kadi ikipishana na rundo, linaaminiwa rundo, na mtu anaitwa kujieleza. Leo tumenunua skana, rundo hatulitazami.

Anayesema hayo yamepitwa na wakati akumbuke mradi wa dawa wa SMS for Life. Kati ya 2009 na 2010, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, kila Alhamisi simu ya mhudumu wa zahanati ilipokea ujumbe: una paketi ngapi za dawa mseto ya malaria, una kwinini ya sindano kiasi gani? Mhudumu alihesabu rafuni, akajibu kwa simu yake ya kawaida, akatumiwa salio la muda wa maongezi. Wakubwa wa afya wa wilaya waliona nani kaishiwa, wakajua pa kupeleka na pa kuhamisha kutoka. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78 wiki ya kwanza. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Ujumbe ule haukuuliza leja inasemaje. Uliuliza rafu ina nini, kila wiki, na kulikuwa na mtu wa kulifanyia kazi jibu.

Na hili nimelisema tangu mashine za EFD za kukatia risiti za kodi zilipoingia 2010, nikaonekana mkorofi: mashine ya TRA inajua ulichokikatia risiti, haijui kilichomo stoo. Bado wapo wanaoifanya mtunza stoo.

Sasa nasikia mwenye duka anataka kuing'oa programu nzima. Nchi hii tuna mazoea ya kuiadhibu mashine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kuvurugika. Kompyuta zilizuiwa kwa miaka mingi, na hesabu hazikunyooka kwa sababu ya marufuku.

Programu ibaki. Ifutwe ile stoki ya kubuni. Duka lifungwe Jumapili moja, pasiingie mzigo wala kutoka. Wawili wawili, mmoja ataje, mwingine aandike, kisha wabadilishane rundo na kurudia. Mali za wateja zitengwe, ziandikwe kwenye orodha yake. Zilizoharibika zitolewe. Waya uingie kwa mita, misumari kwa kilo. Ruhusa ya kulazimisha mauzo ifungwe, abaki nayo mwenye duka peke yake. Baada ya hapo, kila wiki ihesabiwe sehemu moja ya stoo.

Nawe uliye Ngara au Nyakanazi unayetaka kununua mfumo, usianze kumuuliza fundi bei. Muulize atakaa siku ngapi kuhesabu nawe. Akisema haina haja, mpe nauli arudi.