Ada Kwanza, Alama Baadaye: Jinsi Vijana wa Iten Walivyoingia Vyuo Vikubwa vya Marekani

Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 na kuwakubali wanafunzi 1,937, chini ya 4 kwa kila 100. Takwimu hiyo huwakatisha tamaa wengi, lakini haimjibu kijana wa kigeni asiye na pesa swali lake kubwa: je, kuomba msaada wa ada kutampunguzia nafasi?

Hapo ndipo vyuo hutofautiana. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima mwombaji wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, na akikubaliwa hufidia kiasi chote ambacho familia haikimudu. Dartmouth na Bowdoin zilifuata mwaka 2022. Stanford nayo hutoa msaada mkubwa, ila ombi la mgeni la kusaidiwa huingia kwenye mizani. Tena huko Stanford, mgeni asiyeomba msaada tangu mwanzo hataupata kwa miaka yote minne. Ushauri wa mitaani kwamba ficha umaskini wako, ukishaingia utajieleza, umejaa hatari.

Mradi wa KenSAP uliielewa hesabu hii mapema. Ulianzishwa Iten, Kenya, mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich 1972, pamoja na mwandishi wa Marekani John Manners. Walichukua vijana wa Bonde la Ufa waliofaulu vizuri sana mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wakawaweka kambini, wakawanoa kwa mtihani wa SAT na insha, wakawaongoza kuchagua vyuo na kujaza fomu za kipato cha familia. Zaidi ya vijana 100 wamepita njia hiyo, wengine hadi Harvard na Yale.

Siri yao ya kwanza ni muda. Kijana huomba akiwa amekwisha kumaliza kidato cha nne, matokeo mkononi, na miezi kadhaa ya kujiandaa kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo kwa vyuo vingi ni mwanzoni mwa Januari. Ya pili ni faili lililokamilika. A tupu haitoshi, kwa kuwa waombaji wenye A wamejaa. Barua ya mwalimu isemayo "ni mtiifu na ana bidii" haimtofautishi na yeyote. Ile inayoeleza jinsi alivyowafundisha wenzake hesabu jioni, na darasa likapanda, humpa msomaji wa maombi sababu ya kumtetea kwenye kikao.

MIT ilirudisha sharti la SAT mwaka 2022, Harvard mwaka 2024, hivyo maandalizi hayakwepeki. Walimu wakuu, msiiachie Iten peke yake kazi hii. Teueni mwalimu mmoja aanze na kidato cha tatu: ajifunze masharti ya ada ya kila chuo, na aandike barua zenye ushahidi. Vipaji tunavyo, kinachokosekana ni mtu wa kuvionyesha njia mapema.