Pumzi Moja Kabla ya Kuvuta

Nilimkuta kibarazani kwake hapa Kamembe, alasiri moja ya masika, ziwa la Kivu likiwa chini yetu na rasi za Bukavu zikipotea ndani ya mvua ng'ambo ya pili. Mzee huyu aliitumikia labo ya hospitali moja ya milimani hata akastaafu, na jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, mbele yake taa ndogo ya spiriti, akiuzungusha mrija wa kioo baina ya vidole vyake kwa utulivu wa mtu ahesabuye tasbihi. Nilipofungua kinywa nimwamkie, aliniashiria kwa kidevu ninyamaze, maana hata pumzi ya salamu ingeutikisa mwali.

Mwali wa spiriti ni wa samawati, nao mchana hauonekani vema; walakini kioo kinapoanza kushika moto hugeuka manjano, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Ya pili haionwi kwa macho bali hujulikana na vidole tu: mrija huwa mzito upande mmoja, kisha hulegea katikati, na mikono miwili iliyokuwa ikizungusha kitu kimoja hujikuta imeshika viwili vilivyounganishwa na asali. Hapo mwanafunzi huvuta, akaharibu. Mzee aliuondoa mrija motoni, akangoja muda wa pumzi moja, si zaidi, ndipo akatanua mikono yake. Baina ya viganja ukatokea uzi uking'aa, mrefu kama hatua ya mtu mzima, mwembamba hata ukayumba kwa upepo wa ziwa bila kukatika.

Uzi huo naujua tangu utoto. Nilikuwa na miaka tisa mama aliponileta kwake nikiwa na homa, naye akanichoma kidole, akaipaka damu juu ya kipande cha kioo, na kwa kuwa sikulia (mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia vingine) akaniahidi tunu. Akawasha taa, akavuta, akakwaruza ule uzi kwa tupa ndogo iliyokuja na maboksi ya ampuli, akaukata kwa mkato safi uliolia kama mdudu. Kisha akaniwekea bilauri ya maji, akaitia ncha ya uzi majini na upande mnene kinywani mwangu. "Puliza, mwanangu."

Nilipuliza huku nikijua kwamba ninadanganywa, kwa sababu uzi ule ulikuwa mwembamba kuliko unywele wa mama, na kitu kama hicho kitakuwaje na shimo? Nikapuliza hata masikio yakauma. Na kutoka katika ncha isiyoonekana ukapanda mnyororo wa mapovu, kila povu dogo kuliko punje ya ulezi, moja nyuma ya jingine, hayakugusana wala hayakukoma. "Kioo hakisahau," akaniambia. "Kivute hata kiwe uzi, uwazi wake huenda nao." Nilikuja kusoma baadaye kwamba ndivyo ilivyo: mrija ukivutwa, unene wa ukuta na upana wa uwazi hupungua kwa pamoja, na nisba yao hubaki takriban ile ile hadi nchani. Yale mapovu nayo hayakuwa mchezo, kwani hata leo wako wanaopima ncha wasiyoweza kuiona kwa kutazama ni nguvu kiasi gani ya pumzi inayoanza kutoa povu.

Sanaa hii ina nasaba. Mwaka 1904 mwanasayansi Marshall Barber wa Kansas, Marekani, alieleza namna alivyovuta kwa mkono, juu ya mwali mdogo, mirija ya kukamatia kijidudu kimoja peke yake chini ya hadubini. Bwana huyo baadaye aliumaliza umri wake akiwafuata mbu wa malaria, hata Nigeria alifika. Mwaka 1931 ilielezwa mashine ya kuvutia mirija hiyo, na toka hapo mkono ukaanza kusogezwa kando. Mwaka 1976 wanasayansi Neher na Sakmann, huko Göttingen, Ujerumani, waliugusisha mdomo wa mrija wa namna hii kwenye ngozi ya seli wakasikiliza umeme wa mlango mmoja tu wa seli ukifunguka na kufungwa, jambo lililowapatia tuzo ya Nobel mwaka 1991.

Mashine siidharau. Ile ya leo hukipasha kioo moto kwa utepe wa platini na iridi, nayo hutoa ncha isiyofika mikroni moja, leo na kesho sawasawa, jambo ambalo mzee wangu hakuliweza wala hakulidai. Walakini tazama ifanyavyo kazi: haivuti mara kioo kinapopata moto. Hukiacha kilegee, hupima mwendo wake kinapoanza kuteleza, na mwendo ukifika kiasi kilichowekwa, ndipo huzima moto, hukipoza kwa upepo na kuvuta kwa nguvu. Yaani mafundi wake walilazimika kuifundisha kungoja. Ile pumzi moja ya Kamembe imo ndani ya sanduku lile, imeandikwa kwa tarakimu, na wabonyezao kitufe hawajui kwamba kuna kinachongojwa.

Na haja yake haikwisha. Mwaka 2025 watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na wenzao walitangaza kwamba huko Bagamoyo, Tanzania, wametengeneza mbu wenye jeni zilizobadilishwa, kwa tamaa ya kuwazuia wasieneze malaria. Mbu wa namna hiyo huanzia kwenye sindano ya kioo iliyovutwa vivyo hivyo, inayotia jeni ndani ya yai. Yai la Anopheles, mbu wa malaria, hutagwa jeupe likasawijika upesi, na mwenye kulichoma hana budi kuliwahi kabla halijawa jeusi na gumu, kwa ncha ambayo ikiwa nene kidogo hulipasua na ikiwa nyembamba kupita kiasi huziba.

Huku kwetu labo zimechagua mirija ya plastiki, hutumiwa mara moja ikatupwa. Sisemi kwamba labo ndizo zilizoujaza mto Rusizi. Lakini nikiona takataka zinazoelea mbele ya bwawa la Rusizi I, chupa juu ya chupa hata mitambo ya umeme ikasongwa, nakumbuka kwamba mrija wa kioo ulioshwa, ukachemshwa, ukarudi kazini. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Rwanda tangu 2008, na kwa hilo nina fahari. Mazoea ya kutupa hayakupigwa marufuku. Hospitali moja ninayoijua ilipohamisha labo yake, maboksi mawili ya mirija, yenye mihuri yake bado, yalipelekwa shimoni pamoja na majivu, na kijana niliyemuuliza sababu alinijibu kwa adabu kwamba hakuna aliyefahamu ni vitu vya nini.

Mzee alivuta mirija mitatu alasiri ile. Wa kwanza ulikuwa vile nilivyoueleza. Wa pili ulipinda, kwa kuwa mkono wake wa kushoto siku hizi hutetemeka. Wa tatu aliutazama kitambo, akaulaza juu ya kitambaa pasipo neno, akaufunika mwali kwa kifuniko cha taa.

Nawe msomaji wa Kamembe, Bukavu au Uvira, ikiwa unamjua mzee wa namna hii, usingoje nafasi. Mpelekee mrija mmoja wa kioo, ukae karibu naye, nawe uzuie pumzi yako. Spiriti haikosekani dukani.